Maji ya karafuu na thomu kwa kuku wa mayai: yanasaidia nini, yanaharibu nini?

*"Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mama, nafuga hapa Pemba, nje kidogo ya Wete. Nina kuku wa mayai 150, sasa wana wiki 34. Walipofika wiki 28 nilikuwa naokota trei nne na mayai kumi kwa siku. Mwezi huu nimeshuka mpaka trei tatu. Kinyesi chao kimekuwa cha majimaji, maranda yanalowa, na banda linanuka. Shoga yangu alinambia niache dawa za duka, nichemshe karafuu, thomu, manjano na tangawizi, niwatilie kwenye maji kila asubuhi, na nikifanya hivyo sitohitaji hata chanjo ya kideri. Nimefanya wiki tatu. Chakula nacho kilipanda bei, kwa hiyo tangu mwezi uliopita nachanganya mwenyewe: mahindi, pumba, machicha ya nazi na dagaa. Sioni nafuu. Je, nizidishe viungo au nipunguze? Kipimo chake ni kipi? Na ni kweli manjano yanafanya kiini kiwe cha njano? Wateja wananilalamikia kiini cheupe."*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Kwanza nikushukuru kwa kuandika kwa hesabu. Wengi huniambia "kuku wangu hawatagi" basi, nikabaki kupapasa gizani. Wewe umetaja idadi, wiki, trei na kila ulichobadilisha, na kwa sababu hiyo naweza kukujibu kwa kitu cha maana.

Unataka kujua uzidishe viungo au upunguze. Nitakupa vipimo, na nitakueleza viungo vinafanya nini tumboni mwa kuku na visichoweza kufanya. Lakini kuna sentensi moja umeipita haraka, na mimi ndiyo iliyonishika: mwezi uliopita ulibadilisha chakula, ukaanza kuchanganya dagaa mwenyewe. Kinyesi cha maji na mayai kushuka vilikuja baada ya hapo. Viungo vilifuata baadaye, kama dawa ya tatizo ambalo chanzo chake kiko kwenye ndoo ya chakula.

Dagaa wetu wengi, unajua mwenyewe, huchemshwa kwa maji ya chumvi kisha huanikwa. Mtu akiwala kwa wali anawaosha, pengine anamwaga maji mara mbili. Kuku hakuna anayemwoshea. Kuku wa mayai anahitaji chumvi kidogo sana, kiasi cha gramu 3 hadi 5 katika kila kilo ya chakula. Hebu tupige hesabu. Tuseme katika kilo moja ya dagaa wako mna gramu 100 za chumvi, na wewe unatia kilo kumi za dagaa katika kila kilo mia za chakula. Hapo umetia kilo nzima ya chumvi, yaani gramu 10 kwa kila kilo ya chakula. Ni mara mbili ya anachohitaji kwa uchache, na hujahesabu chumvi nyengine yoyote. Chukua dagaa mmoja umuweke ulimini. Kama anakukausha mate, na kuku wako anakunywa kwa sababu hiyo hiyo.

Chumvi ikizidi mwilini, figo za kuku huomba maji ya kuitoa. Anakunywa sana, na maji yale yanatoka na kinyesi. Maranda yanalowa, mkojo ulio ndani ya kinyesi unaoza na kutoa ile hewa kali inayochoma macho ukiingia bandani alfajiri. Hewa ile inachoma mapafu ya kuku pia, na hapo ndipo mafua na vikohozi hupata njia.

Sasa tazama maji ya viungo yameingia wapi. Kuku mwenye chumvi nyingi mwilini ana kiu, na wewe asubuhi unampa maji yenye ukali wa karafuu na uchungu wa manjano. Atadonoa kidogo, atatikisa kichwa, ataondoka. Atasubiri mpaka utakapobadilisha ndoo, kisha atakunywa kwa pupa. Kwa nusu siku nzima, khasa saa za asubuhi ambazo wengi wao wanatengeneza na kutaga yai, hanywi anavyotaka. Yai lenyewe kiasi cha robo tatu ni maji. Kuku wa mayai hunywa karibu robo lita kwa siku, na wakati wa kaskazi huzidisha. Kuku wako 150 wanataka ndoo mbili za lita ishirini kila siku kwa uchache. Pima kesho: jaza ndoo kwa kipimo, tia maji matupu, jioni pima yaliyobaki. Nafikiri utashangaa tofauti kati ya siku ya maji ya viungo na siku ya maji matupu.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza, kabla ya vipimo vyote: viungo visiingie kwenye maji. Acha leo.

Sisemi hivi kwa kuchukia dawa za mimea. Mimi mwenyewe nimelelewa kwenye shamba la karafuu, na mama yangu alikuwa akitutilia karafuu kwenye jino kabla hata hajafikiria hospitali. Lakini nimeona maji ya viungo yakiwadhuru kuku. Kuna mfugaji mmoja kusini mwa Pemba aliwapa vifaranga vyake mafuta ya karafuu, yale yaliyokamuliwa, matone kadhaa kwenye chombo cha maji. Mafuta na maji havichanganyiki. Nilipofika, mafuta yalikuwa yametanda juu ya maji kama ngozi nyembamba yenye rangi rangi, na vifaranga vilikuwa vikidonoa juu hapo hapo, yaani kila kifaranga kilikuwa kikichovya mdomo kwenye mafuta yenyewe. Ulimi wa kifaranga kimoja nilichokifungua mdomo ulikuwa mweupe umeungua. Vilivyobaki vilikuwa vimejikunyata, havitaki kunywa kabisa, na jua lilikuwa kali. Mafuta ya karafuu yana nguvu mno. Usiyatie kwenye maji hata tone moja.

Tuje kwenye viungo vyenyewe, maana shoga yako hakukosea kila kitu.

Ulimwengu umeanza kuvitazama viungo kwa sababu nzuri. Kwa miaka mingi wafugaji wakubwa nje walikuwa wakitia antibiotiki kidogo kidogo kwenye chakula cha kuku wasioumwa, ili wakue upesi. Bakteria wakazoea, na dawa zikaanza kushindwa, kwa mifugo na kwa watu. Sweden ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata tangu Januari 2006. Hapo watafiti wakatafuta kitu cha kulinda utumbo wa kuku bila antibiotiki, na wakarudi kwenye vitu ambavyo sisi tunavyo jikoni: karafuu, mdalasini, thomu, manjano, tangawizi, pilipili manga.

Chukua karafuu moja kavu, nzuri, uibonyeze kwa ukucha kwenye shina lake. Ukiona unyevu unang'aa na harufu inapanda, hayo ndiyo mafuta yake. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinachoitwa yujenoli. Ndiyo inayotia ganzi jino lako. Yujenoli hupenda mafuta, na ngozi ya bakteria imejengwa kwa mafuta. Inajipenyeza humo, ngozi ile inavuja, na bakteria anapoteza vitu vilivyo ndani yake mpaka anadhoofika au anakufa. Mdalasini una kitu chake kinachofanya kazi ya karibu hivyo. Thomu ana alisini, na alisini ana tabia moja ya kuijua: hayumo kwenye punje nzima. Anazaliwa pale unapoponda, vitu viwili vilivyotenganishwa ndani ya punje vinapokutana, na moto humuua. Ukichemsha thomu, kama unavyofanya, unabaki na harufu ya supu, na alisini hupati.

Zaidi ya kupambana na bakteria, viungo vinaamsha mate, nyongo na majimaji ya kongosho. Ni kama wewe unapopita karibu na nyumba inayokaangwa vitunguu na mdomo ukajaa maji. Chakula kinasagwa vizuri zaidi, kinabaki kidogo cha kuwalisha bakteria wabaya chini ya utumbo. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya viungo kwa kuku, na ni faida ya polepole.

Mbona basi wengine wanasema vimewasaidia sana na wengine hawaoni kitu? Kwa sababu majaribio yaliyofanywa duniani nayo yametoa majibu yasiyofanana, na sababu zake zinaeleweka. Kwenye maabara bakteria hukaa ndani ya mafuta ya karafuu saa nyingi. Ndani ya kuku mafuta hayo huchanganyika na chakula, na sehemu kubwa hunyonywa mapema, mwanzoni mwa utumbo, kabla hayajafika kule chini ambako bakteria wengi wanakaa. Wenye viwanda hulitatua hilo kwa kuyafunika mafuta ya viungo kwa tabaka la mafuta mazito ili yafunguke mbali. Sisi hatuna hilo, ila unga wa kiungo chenyewe una nafuu, kwa kuwa mafuta yamo ndani ya chembe za unga na hutoka taratibu kadiri zinavyosagika. Jambo la pili ni usafi wa banda. Kuku wanaokaa pakavu, wenye chakula kamili, hawaonyeshi tofauti kubwa ukiwapa viungo, kwa kuwa utumbo wao haukuwa na shida. Na kuku wanaokaa kwenye maranda yaliyolowa, kama wako sasa, wanameza vijidudu kila wanapochakura. Hapo kiungo kitakuwa kinapiga makasia kwenye mtumbwi uliotoboka.

Sasa kideri. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hili linaweza kukumalizia banda lote kwa wiki moja.

Kideri kinaletwa na virusi. Virusi haviko kama bakteria wanaoogelea utumboni. Vinaingia ndani ya chembe za mwili wa kuku na kuzitumia kujizalisha, mapafuni, utumboni, mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana unaona kuku anapinda shingo. Hakuna karafuu wala shubiri wala mwarobaini unaovifuata huko. Hata mimi daktari sina sindano ya kutibu kideri. Kinga ni chanjo peke yake. Wanaosema "niliwapa thomu na kideri hakikuja" wanasema kweli kwamba hakikuja, lakini kideri huja kwa misimu na kwa bahati: kuku mmoja aliyenunuliwa mnadani, kiatu cha jirani, tenga lililotoka bandari. Mwaka ambao hakikupita kwako, ungewapa hata maji matupu ungebaki salama.

Chanjo ya kideri ya aina ya I-2 inatengenezwa hapa hapa Tanzania, na ilichaguliwa kwa ajili ya mazingira kama yetu kwa sababu inastahimili joto kuliko zile za zamani. Hata hivyo ibebe kwenye kivuli na ubaridi. Tone moja kwenye jicho la kila kuku, rudia kila miezi mitatu. Kama umezoea Lasota, chanjo nyengine ya kideri inayotiwa kwenye maji, basi usiweke kiungo wala dawa yoyote kwenye maji siku mbili kabla na siku mbili baada. Chanjo ile ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Ukivitilia vitu vya kuua vijidudu unaviua kabla havijamfundisha kuku kujikinga. Wiki tatu zako za maji ya karafuu, kama uliwapa Lasota humo humo, nakushauri uzihesabu kuwa hawakuchanjwa. Wachanje tena.

Hali kadhalika kuhara damu. Hakuletwi na bakteria wala virusi, kunaletwa na vijidudu vingine vinavyokua kwenye unyevu wa maranda. Ukiona damu kwenye kinyesi usipoteze siku tatu na tangawizi. Kuna dawa yake, na inafanya kazi ikiwahi.

Kuna jambo katika maneno ya shoga yako ninaloliunga mkono kwa moyo wote: usiwape kuku antibiotiki ovyo. Mfugaji anaenda duka la dawa, anapewa pakiti, anatia kwenye maji kila mwezi "kwa kinga", na mayai yanaenda sokoni siku ile ile. Mtoto anayekula yai lile anakula na dawa. Antibiotiki ni kwa ugonjwa uliothibitishwa, na kila pakiti imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai. Zihesabu.

Basi ukishaweka sawa maji, dagaa na chanjo, na bado unataka kutumia viungo, fanya hivi.

Chagua kimoja au viwili, visiwe vinne. Ukitia vinne na hali ikabadilika, hutojua ni kipi kilichofanya kazi na kipi kilichokula pesa yako. Kwa kuku wa mayai mimi ningeanza na thomu na manjano. Thomu aliyekaushwa kivulini na kusagwa, gramu 5 kwa kilo moja ya chakula. Ukitumia mbichi, ponda wakati ule ule wa kulisha, gramu 10 hadi 15 kwa kilo, na chakula kiishe siku hiyo hiyo, kwa maana kinachacha. Manjano ya unga, gramu 5 kwa kilo. Tangawizi kavu ni kiasi hicho hicho. Karafuu ndiyo ya kuogopwa: gramu 1 mpaka 2 kwa kilo, basi. Watu wa Pemba mkono wetu ni mwepesi kwenye karafuu kwa kuwa imejaa uani. Lakini karafuu ikizidi kuku hupunguza kula, na ina vitu vya ukakasi, kama vile vya chai kali, vinavyoshika protini ya chakula na kuifanya isinyonywe. Ukitia kiganja kizima unapunguza mayai kwa mkono wako mwenyewe.

Kuku wako 150 wanakula kiasi cha kilo 17 kwa siku. Manjano kwa kipimo hicho ni gramu 85 kila siku, yaani zaidi ya kilo mbili na nusu kwa mwezi, na thomu vile vile. Tafuta mizani ya jikoni. Kijiko kinadanganya, maana kijiko cha unga wa karafuu na kijiko cha unga wa manjano havina uzito mmoja. Usitupe unga huo juu ya gunia la chakula ukakoroga kwa mwiko. Changanya kwanza na kilo moja ya pumba mpaka rangi iwe moja, kisha kilo hiyo uichanganye na kilo tano, kisha na chakula chote. Usipofanya hivyo kuku mmoja anakula kipimo cha kumi na mwengine hapati kitu.

Viungo viwe vyema na vikavu. Najua wengi huwapa kuku zile karafuu zilizoharibika, zilizovunda kwa kukosa jua siku za mvua, ambazo haziuziki. Usifanye hivyo. Karafuu yenye ukungu, manjano yenye ukungu, mahindi yenye ukungu, vyote hubeba sumu inayokula ini la kuku polepole, na haitoki kwa kuchemsha. Kisiwa chetu kina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo saga kidogo, cha wiki mbili, uweke kwenye chombo cha kufunga. Unga uliokaa miezi mitatu wazi umebaki rangi, mafuta yameruka.

Na kabla hujatumia pesa ya mwezi mzima, jaribu kwa haki. Gawa banda kwa wavu: kuku 75 huku, 75 kule, chakula kimoja, maji yale yale, upande mmoja wenye viungo na mwengine hauna. Andika mayai ya kila upande kila siku kwa wiki sita. Tofauti ya mayai mawili matatu kwa siku isikutie wazimu, hiyo ni ya kawaida hata bila kubadilisha kitu. Ikiwa upande wa viungo unakuzidishia mayai matano kwa siku na hali hiyo inaendelea, piga hesabu ya trei dhidi ya bei ya manjano uone kama inakulipa. Mimi nimeona mabanda ambayo ililipa, na mengine ambayo mfugaji alikuwa akimlisha kuku pesa.

Kiini cheupe sasa. Hapa manjano yanasingiziwa sifa. Rangi ya manjano, kukumini, mwili wa kuku hauinyonyi vizuri, na inayonyonywa haipendi kwenda kwenye kiini. Kiini hupata rangi kutoka kwa aina nyengine ya rangi, ile iliyomo kwenye mahindi ya njano, kwenye majani ya kijani na kwenye pilipili nyekundu. Sisi tunalisha mahindi meupe, kwa hiyo kiini cheupe si ugonjwa wala dosari ya yai, chakula tu hakina rangi. Mtupie kuku mchicha, tembele, majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini na kusagwa. Baada ya wiki mbili vunja yai uone. Ukitaka rangi nzito zaidi, tia unga wa pilipili nyekundu kavu kidogo, gramu 5 kwa kilo. Usiogope kuwa watawashwa. Ndege hawausikii ukali wa pilipili, kile kipokezi cha mwili kinachotufanya sisi tutoke machozi kwao hakiitikii. Kaa jioni karibu na mpilipili kichaa uliozaa: utamwona kuku anachuma pilipili nyekundu moja moja, anameza, anasogea kwenye tawi la pili kama anayekula zabibu. Nimewaonyesha wanafunzi wa skuli jambo hilo na hawakuamini mpaka mmoja wao alipojaribu kuionja yeye.

Nirudi kwenye chakula chako, maana kazi kubwa iko hapo. Mahindi, pumba, machicha na dagaa havitoshi kwa kuku anayetaga, hata dagaa wasingekuwa na chumvi. Kila ganda la yai lina gramu mbili hivi za kalsiamu, na kuku anahitaji kula kiasi cha gramu nne kwa siku ili aitoe bila kubomoa mifupa yake. Kwenye mchanganyiko wako sijaiona chokaa ya mifugo. Unaweza kutumia makombe ya pwani, chaza na kome, uyaoshe kwa maji ya kisima yatoke chumvi, uyakaushe, uyaponde vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, uwawekee kwenye chombo chao peke yake wale wanavyotaka. Usitumie chokaa ya kupakia nyumba, ile iliyochomwa kwenye tanuri. Inaunguza. Ongeza premiksi ya vitamini na madini ya kuku wa mayai kwa kipimo cha kwenye pakiti, hii usiibanie. Machicha ya nazi yana nyuzi nyingi na mafuta yanayochacha upesi, kwa hiyo yasizidi sehemu moja katika kumi, na yawe ya siku hiyo au yaliyokaushwa vizuri.

Dagaa nunua wa jua, wasiochemshwa kwa chumvi, kama wapo. Kama hawapo, waloweke kwenye maji matamu saa mbili, mwaga, rudia, kisha waanike wakauke kabisa kabla ya kusaga. Leo hii ondoa maranda yaliyolowa, weka makavu, inua vyombo vya maji visawazike na mgongo wa kuku ili wasivimwage. Wape maji matupu, mengi, ya baridi, siku nzima. Ikiwa chanzo ni chumvi, kinyesi kitaanza kukaza ndani ya siku nne tano. Mayai yatachelewa zaidi, wiki mbili au tatu, kwa sababu yai la leo lilianza kutengenezwa siku nyingi zilizopita.

Ikifika wiki moja kinyesi bado ni maji, usiniandikie tena, nenda ofisi ya mifugo ya wilaya pale Wete umlete mtaalamu bandani. Pana minyoo, pana magonjwa ya utumbo, na hayo hayaonekani kwa barua, yanaonekana kwa kinyesi kilichopelekwa maabara. Na usisubiri wiki, nenda siku hiyo hiyo, ukiona damu, kinyesi cha kijani, kuku wanaokoroma au kupinda shingo, uso kuvimba, mayai kushuka ghafla kwa nusu ndani ya siku mbili tatu, au kuku watatu wamekufa kwa siku moja. Hapo usiuze kuku wala mayai, usichinje wagonjwa kwa haraka ili "wasipotee bure", na watoto wasiwashike, kwa maana katika magonjwa ya kuku yamo yanayompata mtu. Kuku aliyekufa muda huo mfunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mtie kwenye ndoo yenye barafu, umfikishe kwa daktari kabla ya saa sita mchana. Mwambie na chakula ulichokuwa ukiwapa, na karafuu pia, usimfiche.